Jumatano ya Watu Saba

Tulikuja saba; ukimhesabu mbwa wa Urmet, wanane,
kwenye uwanja wa shule iliyofungwa kwa kukosa watoto,
kule Haanja, ambako Estonia hujaribu kuwa na milima.
Heldur alitandaza ramani juu ya boneti ya gari:
ya mwaka tisini na nane, imekunjwa
hadi mikunjo nayo imekuwa barabara.

Mchezo huu ulikufa bila tanzia.
Kwanza waliondoka wadhamini na mabango yao,
kisha vijana, wakaifuata kazi Tallinn na Helsinki.
Saa kubwa iliyopima mbio tuliikuta bandani,
panya wamezaa ndani yake.
Baiskeli zilibaki zikibeba viazi.

Anayetaka kujua ni mchezo gani, namweleza hivi:
unafunga ubao mdogo kwenye usukani, unazunguka kama sahani,
juu yake ramani, na msitu wote umeandikwa kwa mistari.
Mstari mnene, pita kama mshale.
Mstari wa vipande virefu, punguza.
Vitone vitone, shuka uikokote; mizizi haina adabu.
Hakuna wa kukuambia kata kulia.
Njia panda inakuja mbio kuliko akili,
mkono mmoja breki, jicho moja dira,
na moyo umekaa kooni, kama ndipo kwake.

Vituo tulivitengeneza wenyewe.
Vilja, apelekaye barua vijiji kumi na vinne,
alikusanya maboksi ya maziwa nyumba kwa nyumba.
Tukayapaka rangi ya chungwa, nusu nyeupe,
kila moja na kalamu ya nta ikining'inia kwa uzi wa sufu,
kijani kituo cha kwanza, zambarau cha pili,
utie alama kwenye kadi kuthibitisha kwamba ulifika.
Kiingilio euro mbili, au chupa ya jemu.
Tulipata euro nne na jemu tano.

Ramani ilidanganya, ila haikukusudia.
Palipochorwa misonobari palikuwa na visiki.
Mashine za kukata miti zimefungua njia mpya, zimezika za zamani,
na daraja la kituo cha sita lilikuwa ubao mmoja na imani.
Nilisimama kwenye njia panda ambayo karatasi haikuijua,
mbu wakanila kama walioalikwa,
nikacheka peke yangu msituni,
mtu mzima wa miaka hamsini na miwili.

Saa tatu usiku tulikuwa tumerudi wote, isipokuwa Leelo.
Jua la Juni huko halina haraka ya kulala,
lakini mtoto ana miaka kumi na mmoja
na baiskeli ya kaka yake, tandiko limeshushwa hadi mwisho.
Mama yake hakusema neno; alikunja kadi, akaikunjua.
Heldur, ambaye magoti yamemwisha, alichukua filimbi.
Urmet akamfungua mbwa.

Akatokea upande ambao hakuna aliyeuangalia,
nyuma ya ghala la mbao,
tope hadi masikioni, mikono myeusi kwa grisi ya mnyororo,
kadi ina rangi mbili tu kati ya tisa.
Hakuomba radhi. Alisema:
"Kuna njia kule. Inazunguka kinamasi, ardhi yake ngumu.
Nimeipita mara mbili nione kama ni kweli."

Kupotea njia ndiko kujua njia,
lakini hakuna aliyelisema hilo; tulikuwa tunatafuta penseli.
Heldur akampa achore mwenyewe.
Mstari wake ulipinda kupita kiasi, ukakata pembe ya ziwa.
Tukauacha.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha. Tulikuja watano.
Jumatano ya tatu, kumi na mmoja,
na mmoja wao, mzee nisiyemjua jina,
alikuja na baiskeli ya viazi, kapu lingali mbele, udongo ndani,
akauliza ubao wa ramani unafungwa wapi.